Mtafuta Neno Sharti Ainame

Siku mbili nilikaa na sentensi moja. Nilitaka kumwandika mama anayeteremka alfajiri kutoka milima ya Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani, kwa njia ile ya Morningside inayoishia mjini Morogoro. Nilitaka msomaji aione shingo yake ilivyonyooka, mikono inavyoning'inia bila kugusa mzigo, na kile kitambaa alichokisokota duara akakiweka utosini ili mkungu usimuumize. Kitambaa hicho ndicho kilichonishinda. Niliandika “kitambaa kilichoviringishwa,” nikafuta. Nikaandika “duara la nguo lililowekwa kichwani chini ya mzigo,” nikalisoma kwa sauti. Mama yule anatembea kwa wepesi na mkungu mzima. Sentensi yangu ililemewa na kitambaa kimoja.

Siku ya tatu niliacha karatasi mezani nikaenda Soko Kuu la Chifu Kingalu. Nje ya soko nilimkuta mama mtu mzima anataka kutua mzigo. Nikamwamkia, nikamsaidia kuutua, nikamwuliza kile anachokitoa kichwani kinaitwaje. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mkono wake mwenyewe.

“Ngata, mwanangu,” akasema. “Kwenu hamjitwiki?”

Silabi mbili. Kabla sijafika nyumbani sentensi yangu ilikuwa imekaa sawa. Na ona pia kwamba alinipa neno la pili bila mimi kuliomba: kujitwika.

Naanza na kisa hiki kwa sababu vijana wanaoniletea miswada yao hunilalamikia jambo moja kila mara, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha, kwamba neno wanalolihitaji linawajia kwa Kiingereza kwanza na kwa Kiswahili haliji kabisa. Siwalaumu, shule imewazoesha hivyo. Lakini sikubaliani nao. Wahenga walisema mtafuta cha mvunguni sharti ainame, na sisi waandishi wengi tunatafuta tukiwa tumeketi. Neno unalolitaka mara nyingi linasemwa sasa hivi na mtu anayekishika kile kitu kwa mikono yake. Ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa, ni huo: ukikosa neno, usimwendee mwandishi mwenzako. Mwendee mwenye kazi.

Chukua kitenzi kubeba. Mwandishi mchovu hubebesha kubeba kila kitu: mtoto amebebwa, mkungu umebebwa, pesa zimebebwa. Lakini msemaji wa Kiswahili hujitwika mzigo wa kichwani, humweleka mtoto mgongoni kwa mbeleko, humpakata akiwa amekaa, hufumbata sarafu kiganjani, hufutika noti kwenye pindo la khanga. Mzigo wa pande mbili za mti mmoja unaokaa begani una jina lake, mzegazega. Tazama basi kinachotokea: “Amejitwika mkungu juu ya ngata, mtoto amemweleka, na pesa za chenji amezifutika kiunoni.” Sijasema kichwani, sijasema mgongoni. Vitenzi vimesema. Mwenye vitenzi sahihi hahitaji vivumishi vingi, na kama kuna jambo moja ningependa kila mwandishi chipukizi alibandike ukutani mwake, ni hilo.

Shamba ni hivyo hivyo. Mtu wa mjini huandika “wanavuna” kwa kila zao, na mkulima wa Mgeta akisoma anajua mara moja kwamba mwandishi hakufika. Karoti hung'olewa. Nyanya huchumwa. Kabichi hukatwa, viazi huchimbwa. Ukishuka upande wa Matombo na Kinole, nazi huanguliwa na mdalasini hubanduliwa gome. Baada ya hapo mpunga hupurwa, mahindi hupukuchuliwa, mchele hupepetwa. Ndizi zenyewe zina ngazi zake: mkungu una chane, na chane ina madole. Hakuna hata moja kati ya maneno haya lililo gumu au la kale. Ni maneno ya kila siku ya watu ambao hatuketi nao.

Na usiyaogope maneno ya sokoni kwa kudhani si sanifu. Lumbesa, kwa mfano. Jaribu kulieleza bila kulitaja: gunia lililojazwa hadi mazao yakapita mdomo wake, yakashonewa kwa kamba juu, ili mkulima alipwe bei ya gunia moja kwa mzigo unaozidi gunia. Wakala wa Vipimo wamepiga vita lumbesa miaka mingi kwa jina hilo hilo, kwa sababu hakuna jingine linalomfikia mkulima. Mkulima huyo akikwambia “dalali kanilalia,” yaani kamnyonya kwenye bei, usiligeuze kuwa “alinunua kwa bei isiyoridhisha.” Ukiligeuza umempunja mara ya pili.

Kuna hazina nyingine ambayo haihitaji hata kwenda sokoni. Kabla hujatafuta neno jipya, geuza kwanza mnyambuliko wa kitenzi ulicho nacho. Lugha yetu huficha maneno ndani ya maneno. Kijana aliniletea sentensi hii: “Mvua kubwa ilianza kunyesha wakati wakiwa njiani kuelekea Lupanga, na baadaye usiku ukaingia kabla hawajafika.” Nikamwambia aanze na watu, si na mvua. Akakaa nayo. Ikawa: “Walinyeshewa njiani, na kabla ya kufika Lupanga wakachwewa.” Nilifurahi kuliko yeye. Vivyo hivyo siku hizi naona magazetini kwamba mama fulani “alipoteza mtoto wake,” na inanibidi nisome mistari mitatu zaidi nijue kama mtoto alitoweka sokoni au alifariki. Kiswahili kina kufiwa na kina kupotelewa. Ni misiba miwili tofauti, na anayeomboleza anastahili tusiichanganye.

Sasa nije kwenye neno linaloniuma: changamoto. Neno lenyewe halina kosa. Ni jambo linalomwamsha mtu ajitahidi. Kosa ni letu, tuliolipa kazi za maneno kumi. Limemeza tatizo, shida, kero, dhiki, kikwazo, uhaba, uzembe, wizi hata ugomvi. Mhasibu akila fedha za mradi, taarifa husema mradi ulikumbwa na changamoto. Andika kwamba kijiji fulani cha Uluguru “kina changamoto ya maji,” na hukusema lolote. Maji hayapo? Yapo lakini bondeni, na mama anapanda nayo mlima? Yapo ila yana tope kila masika kwa sababu mtu amelima hadi kwenye chanzo? Bomba lilijengwa likapasuka na hakuna aliyekuja? Hii ni milima inayozaa mto Ruvu, mto ambao Dar es Salaam inaunywa. Kijiji chake kikikosa maji ni habari kubwa, na habari hiyo imezikwa ndani ya changamoto.

Kwa hiyo, kila kalamu yako inapoelekea kuandika changamoto, isimamishe ujiulize: nani hasa anaumia, na anaumia vipi? Jibu litakuja na neno lake. Fanya hivyo pia kwa “suala zima la,” kwa “wadau,” na kwa “kwa namna moja ama nyingine.” Wakati mwingine utagundua kwamba hukukosa neno, ulikosa habari. Rudi ukaulize.

Kuna ukosefu wa namna nyingine, mgumu zaidi, ambao hauponi kwa kwenda sokoni. Kijana mmoja aliandika kumbukumbu za babu yake. “Babu alikuwa mkali,” aliandika, kisha akaniambia neno mkali halimridhishi lakini haoni jingine. Nikamwuliza, alikuwa anapiga? Hapana. Anafoka? Hajawahi. Sasa ukali wake uko wapi? Akafikiri. “Alikuwa akiingia tu, sote tunakaa vizuri.” Tukajaribu maneno: mkimya, mgumu, mzito, thabiti. Kila moja lilikuwa na kipande cha babu na lilimwacha babu nje. Nikamwambia aache kutafuta neno la babu, atafute la wajukuu. Wao walikuwa wakifanya nini anapoingia? Kuogopa, alisema, lakini si kuogopa kwa kukimbia, maana walitaka abaki. Hapo likaja lenyewe, neno ambalo tumezoea kulisikia kwa Mungu tu. Akaandika: “Tulimcha.” Akafuta ukurasa mzima uliotangulia.

Neno la kumcha alilijua tangu utotoni. Kamusi isingemsaidia. Kilichokuwa kimemkwama ni kwamba hakuwa amejiuliza alimwonaje babu yake. Ukisumbuka na neno kwa muda mrefu na mambo ya nje unayajua vizuri, shuku kwamba bado hujajua unalotaka kusema. Weka kalamu chini, mweleze mtu kwa mdomo kama unamsimulia jikoni. Mdomo ni mkweli kuliko mkono.

Yapo pia maneno yanayogombana kwa kufanana. Hapa nina mfano wa nyumbani. Morogoro huitwa Mji Kasoro Bahari, na mtu yeyote aliyepaita hivyo kwanza alikuwa na sikio la mwandishi. Jaribu kubadili: “mji usio na bahari.” Hata Dodoma haina bahari, kwa hiyo hujasema kitu. “Mji wenye upungufu wa bahari” ni lugha ya ripoti. Kasoro ni neno la saa: ukisema saa tatu kasoro dakika tano, saa tatu imeshafika machoni, imebaki kidogo tu. Kwa hiyo Mji Kasoro Bahari ni mji uliokamilika, wenye milima na mito na matunda na upepo wa jioni, umebakiza kitu kimoja. Sifa yote imekaa ndani ya neno linaloonekana kama lawama.

Kasoro ina ndugu zake: dosari, ila, hitilafu, upungufu, walakini. Kamusi nyingi zitakueleza moja kwa jingine na kukuacha pale pale. Njia yangu ni kuliweka kila neno kwenye sentensi tatu ambazo watu huzisema kweli. Mashine hupata hitilafu. Mtu ana ila, hakuna asiye nayo. Dosari huonekana usoni pa kitu kizuri, kama doa kwenye kanzu. Upungufu hupimwa. Walakini ni ile “lakini” inayobaki moyoni baada ya kusifu. Ukishazisema sentensi hizo kwa sauti, mara nyingi neno lako litajitokeza. Hata hivyo kuna wakati maneno mawili yote ni sahihi na msomaji ndiye anayeamua. Ngata wengine huiita kata, na ni sahihi kabisa. Lakini Mtanzania akisoma kwamba mama “aliweka kata kichwani,” atamfikiria kwanza diwani. Nilichagua ngata kwa sababu hiyo tu.

Na kamusi? Usiidharau. Ninayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ambayo TUKI waliitoa mara ya kwanza mwaka 1981, na ninayo Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyotoka mwaka 2015. Lakini kamusi hupangwa kwa herufi. Huwezi kulitafuta neno usilolijua. Ingia kwa neno la jirani unalolijua, soma maelezo yake, fuata maneno yaliyotumika humo, ruka kutoka moja hadi jingine. Kisha itumie kuthibitisha neno ulilolisikia kwa watu: ngeli yake, tahajia yake, na kama lina maana nyingine itakayokuaibisha. Usiokote humo neno ambalo hujawahi kulisikia mdomoni mwa mtu ukalitupa katikati ya maneno yako ya kila siku. Msomaji hulisikia likigonga.

Neno likiwa ulimini na halitoki, usilishike kwa nguvu. Acha pengo, chora mstari, endelea na sentensi inayofuata. Litakuja ukiwa unaosha vyombo au ndani ya daladala ya Msamvu, kwa hiyo uwe na kijidaftari au simu tayari. Mwandishi anayekataa kuvuka sentensi moja hadi ikamilike huishia kuwa na sentensi moja.

Kuna mahali ambapo kuchagua neno si suala la uzuri peke yake. Matombo, tarafa ile ya upande wa mashariki wa milima, jina lake linatokana na neno la Kiluguru la matiti, kwa ajili ya majabali yake. Waliolipa jina waliangalia wakasema walichokiona. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao ya mlimani, na Matombo ndiko wananchi walikosimama wakasema basi, na mpango ukavunjika. Sasa mwandishi, unaliitaje tukio hilo? Watawala waliliita kwa maneno ya Kiingereza ambayo tafsiri yake ni ghasia na fujo. Ukiandika fujo umesimama na afisa mwenye kofia. Ukiandika uasi, umekubali kwamba kulikuwa na mtawala halali wa kuasiwa. Upinzani ni neno safi lakini la vitabuni. Mimi naandika kukataa: “Mwaka ambao watu wa Matombo walikataa matuta.” Huenda wewe ukachagua jingine, na una haki. Ninachokusihi ni usilikute tu neno kwenye faili la zamani ukalivaa bila kujua lilishonwa na nani.

Na hata neno matuta linahitaji uangalizi. Msomaji wa Sumbawanga ataona matuta ya viazi kwenye tambarare. Wa Mgeta ataona ngazi zinazopanda hadi kwenye ukungu. Maneno mawili madogo, “ya ngazi,” yanawapatanisha.

Mambo mapya nayo? Hapo watu hudhani ndipo Kiswahili kinapokwama, na mimi naona ndipo kinapong'ara. Mwaka 2020 tulipohitaji jina la kile kinachofunika pua na mdomo, tulichukua barakoa, ambayo wanawake wa pwani waliivaa usoni tangu zamani. Miezi michache, nchi nzima ikaitamka. Kishikwambi kilichekwa na wengi kilipoanza kuandikwa, hadi sensa ya Agosti 2022 ilipoendeshwa kwa vishikwambi na baadaye vikagawiwa kwa walimu. Leo mwalimu wa kijijini hulitaja neno hilo bila kulifikiria. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, iliyotoka mwaka 1969, hakuandika mfanyabiashara. Aliandika Mabepari wa Venisi. Bepari ni neno lililokuja kwetu kutoka India likimaanisha mtu wa biashara, na wakati ule, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa limeshabeba lawama. Waweza kubishana na chaguo lake, nami naona lilimwegemeza msomaji upande mmoja kabla hajafungua kitabu. Lakini alichagua akijua anachofanya. Tafsiri yake ya Julius Caesar aliitoa mwaka 1963, kisha akairudia akaitoa upya mwaka 1969, hata jina la kitabu likageuka likawa Juliasi Kaizari. Mtu aliyekuwa na nchi ya kuongoza alipata muda wa kurudi kwenye maneno yake.

Ni yeye pia aliyetupa kung'atuka, kutoka Kizanaki, lugha ya kwao. Kabla ya hapo tulikuwa na kujiuzulu na kustaafu, na hakuna kati ya hayo lililosema kwamba mtu ameachia kwa hiari wakati bado angeweza kukaa. Ikulu nayo ilitoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Kwa hiyo usione haya kuchungulia lugha ya nyumbani kwenu pale Kiswahili kinaposita. Lilete neno likiwa na mahali pa kukaa, kwenye sentensi inayolieleza yenyewe, na usilete matano kwa mpigo.

Wakati mwingine lugha ya nyumbani haikupi neno jipya, inakufundisha uzito wa lile ulilo nalo. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi hupitia huko. Ukiandika kwamba “mjomba alifika” kwenye kikao cha familia ya Kinole, umeandika kwamba aliyefika ni mwenye kauli juu ya shamba. Msomaji wa mahali pengine atamwona mjomba anayeleta zawadi. Ni neno lile lile, na ni juu yako kumpa msomaji wa mbali mstari mmoja wa kumfikisha.

Huko juu milimani, Mgeta, Kinole, Matombo na kwingineko, bado wapo wazee wanaotofautisha mvua moja na nyingine kwa majina, wanaojua udongo huu unaitwaje na ule unaitwaje, gugu hili na ndege yule. Wajukuu zao walioko mjini, Msamvu na Kihonda, wengi hawayajui majina hayo, na wazee hawatakaa milele. Kabla ya masika yajayo, panda ukamwone bibi yako. Chukua daftari, mwulize vitu anavyovishika anaviitaje, na andika jinsi anavyotamka, si jinsi unavyodhani inapaswa kuandikwa. Mbebee sukari na sabuni. Usiende mikono mitupu.